Gereji Yangu Itatazama Barabara

Jumamosi, 1 Aprili 1995

Gari limefika nyumbani leo saa nne asubuhi. La buluu, milango minne. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mhasibu wa kiwanda chetu cha rangi, mtu asiyependa kwenda mbali. Safu yetu yote ya nyumba hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, ilitoka nje kutazama. Mama Aoko, anayepika chapati mbele ya nyumba yangu, aliacha moja ikaungua. Nimeiona kwa macho yangu. Siku njema.

Shida ni moja tu. Gari halina pa kulala.

Jirani yangu Kyule ana pikapu. Hubeba vinyago kutoka kwa wachongaji, huvipeleka kwenye maduka ya mjini. Gereji yake ameijenga nyuma, kwenye kichochoro, na anadhani sote tutamfuata huko. Mimi sitamfuata. Zamani za ndoo za choo, kichochoro kile ndimo zilimopitishwa. Miaka na miaka ya ndoo! Sikungoja gari miaka kumi na miwili ili nije kulipitisha hapo. Na gari likifichwa nyuma, nani atajua kwamba lipo?

Gereji yangu itakuwa mbele. Geti la chuma, rangi mpya, likitazama barabara. Tena lazima iwe tayari kabla ya Ijumaa Kuu. Mama mkwe anakuja kutoka Funyula kula Pasaka nasi, na mke wangu Nasike amekwisha kumwandikia habari za gari. Yule mama hajawahi kunisifu. Mwaka huu atanisifu.

Jioni nimeanza kung'oa ua wa mbele. Mzee Ngui, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akapita na fimbo yake, akaniomba nisubiri mkutano wa kesho. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Jumapili, 2 Aprili

Mkutano baada ya kanisa. Nyumba kumi na mbili, kila mtu na kigoda chake.

Kyule alisema kwanza. Husema polepole kama mtu anayerudisha gari nyuma. Alisema mbele ni pa watu na nyuma ni pa magari. Kwamba uwanja wa mbele ndipo watoto wanapochezea, ndipo Mama Aoko anapopata riziki, ndipo hema linaposimamishwa tukifiwa. Kwamba mmoja akiziba mbele, kufikia mwaka ujao wote tutakuwa tumeziba.

Nikasimama. Nikataja ndoo. Nikataja matope. Nikataja wezi, ambao hupenda sana mahali pasipo na macho. Nilisema vizuri. Hata mwenyewe nilijisikia.

Kura: kumi kwa nyuma. Kwa mbele ilinyooshwa mikono miwili, wangu na wa mzee mmoja aliyekuwa anajikinga jua. Alipoulizwa akaushusha. Nasike alikuwa anatazama viatu vyake.

Lakini Mzee Ngui ni mtu wa huruma. Akafunga mkutano kwa kusema kwamba hakuna atakayejenga mbele, isipokuwa njia ya nyuma ikiwa haipitiki.

Haipitiki. Nimelirudia neno hilo njia nzima hadi mlangoni, na ni hatua saba tu.

Jumanne, 4 Aprili

Karibu na kiwanda chetu wanachimba msingi wa ghala. Malori ya udongo yanazunguka asubuhi hadi jioni yakitafuta pa kumwaga. Saa ya chakula nikaenda kuongea na dereva mmoja. Nikamweleza kwamba wakazi wa safu fulani Jericho wanatafuta udongo wa kujaza kichochoro chao kibovu. Akafurahi sana. Nikamwelekeza vizuri: mdomoni kabisa mwa kichochoro, bwana, usiingie ndani utakwama.

Kichochoro chetu kina mdomo mmoja. Mwisho wake ni ukuta wa shule.

Nilimwambia aje kesho asubuhi, watu wakiwa kazini. Sikutaka kumdhuru mtu. Ni udongo tu. Udongo huzolewa.

Jumatano, 5 Aprili

Nilimwagiza tripu moja, lori moja tu. Ameleta nne.

Nimerudi kazini nikakuta mlima. Unanifika kifuani. Na kumbe Kyule leo hakwenda kazini! Alikuwa na homa, pikapu ikabaki ndani ya gereji yake. Sasa iko upande wa huku wa mlima na dunia nzima iko upande wa kule.

Saa kumi na moja mvua ikanyesha, mvua ya Aprili yenyewe. Udongo ukawa kama ugali.

Nimekula kidogo. Nasike ameuliza kwa nini. Nimesema ni maharagwe.

Alhamisi, 6 Aprili

Kyule yuko mlimani na beleshi tangu alfajiri, homa yake na yote. Nimempitia nikampa pole. Nilimaanisha ile pole. Aliniuliza kama nimesikia ni nani aliyeyaleta malori. Nikasema Nairobi hii siku hizi watu hawana adabu. Akanitazama, halafu akarudi kuchimba. Udongo ulikuwa unanata kwenye beleshi. Kila akiurusha, nusu unarudi.

Jioni nilimpeleka Mzee Ngui akaone kwa macho yake. Nikamkumbusha maneno ya Jumapili. Alichora chini kwa fimbo. Mwishowe akaniruhusu, mpaka kichochoro kitakapofunguliwa. Nikaomba aandike. Akaandika nyuma ya ratiba ya kanisa.

Nimeshinda.

Jumamosi, 8 Aprili

Munyoki, fundi wa vyuma kutoka Shauri Moyo, ameanza kazi. Nguzo nne, mabati, geti la milango miwili. Shughuli ilikuwa Mama Aoko. Jiko lake liko pale pale gari litakapopita. Nikamwomba asogee. Akaniuliza kama mimi nilipohamia hapa nilimkuta au hakuwepo. Nilimkuta. Akaendelea kukanda unga. Baadaye akasogea hatua mbili, si kwa ajili yangu, moshi ulikuwa unamrudia.

Nasike amenifuata nje nikimsimamia fundi. Ameshika viatu vyangu vya kazini. Akaniuliza ilikuwaje siku ya Jumanne vikajaa udongo mwekundu, na kiwandani kwetu ni saruji kila mahali. Nikasema nilipitia njia nyingine. Akasema sawa. Nasike akisema sawa namna ile, mtu huanza kutafuta koti lake.

Jumatatu, 10 Aprili

Gereji imesimama. Nimeliingiza gari polepole, Munyoki akiniongoza kwa mikono. Limeingia! Vidole vitatu kushoto, vidole vitatu kulia. Nikazima. Nikavuta pumzi. Nikafungua mlango.

Mlango haukufunguka. Upana wa gari niliupima. Upana wa gari na mimi ndani yake sikuupima.

Nilitoka kwa dirisha, kichwa kwanza, mbele ya wateja wote wa Mama Aoko. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Jumatano, 12 Aprili

Nimeleta rangi kutoka kiwandani, ile inayokataliwa kwa sababu ya harufu kali. Kijani. Mkono wa kwanza nimeupaka leo.

Nikiwa juu ya ngazi Kyule akaja akasimama chini. Alikuwa amekonda. Nusu ya mlima ameimaliza kwa beleshi lake, peke yake, kabla ya kwenda kutafuta vibarua kwa miguu. Akaniambia wachongaji wamechukua pikapu nyingine. Hawakuweza kumngoja, maduka yanataka mali kabla ya Pasaka. Hakuinua sauti. Alisema tu, kama mtu anayekueleza njia, halafu akasema rangi yangu ni nzuri.

Nilibaki juu ya ngazi. Brashi ikanidondokea kwenye suruali. Nilitaka kushuka. Nilishuka kweli, nikafika hadi mlangoni pake, nikamsikia akikohoa ndani. Nikakumbuka kwamba geti halijaisha.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Mama mkwe amewasili. Kuku wawili hai, mtungi wa samli, na kile kikohozi chake. Ana pumu tangu ujana wake.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai karibu, wala hawalali chini ya paa moja. Amepewa chumba chetu. Mimi nimehamia gereji, ndani ya gari, kiti cha nyuma. Naingia kwa dirisha, natoka kwa dirisha.

Tuliamkiana kwa mbali, yeye mlangoni, mimi getini, kila mtu akitazama pembeni kama inavyopasa. Nikasogea kando ili aone geti. Akalitazama sana. Halafu akamwambia Nasike kitu. Nilingoja ndani ya gari saa nzima Nasike aniletee sifa zangu. Mama amesema harufu ya rangi inamkaba, basi.

Mkono wa pili utakauka upesi. Nitaupaka kesho asubuhi mapema, nimalize.

Jumamosi, 15 Aprili

Nitaandika yote.

Saa kumi na mbili nilipaka rangi. Saa moja na nusu kina mama wa kanisa na kwaya wakaja na hema la ibada ya Pasaka. Walilisimamisha uwanjani kama kila mwaka, kamba tatu wakazifunga kwenye nguzo za gereji yangu, madawati wakayapanga hadi kwenye geti. Nilipiga kelele. Mzee Ngui akanijibu kwamba hema lilikuwepo kabla ya gereji, na kwamba kwani nina safari? Sikuwa na safari.

Saa tatu Nasike akatoka nyumbani mbio bila viatu. Nasike hatoki bila viatu.

Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono magotini, mdomo wazi. Hewa haikuingia. Ilikuwa inalia tu kama mlango mkavu. Dirisha la chumba lile linafungukia gereji yangu. Chumba kizima kilikuwa kijani kwa harufu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha kwenye basi.

Nikakimbilia gari. Nikaingia kwa dirisha, nikawasha, nikapiga honi. Mbele yangu palikuwa na madawati arobaini na hema la watu mia mbili. Walianza kuyaondoa, wakaanza kufungua kamba, lakini kamba zilikuwa zimelowa mvua, zimekaza. Mtu akasema nusu saa. Nasike akasema mama hana nusu saa.

Kyule alikuwa amekwisha kwenda nyuma. Nilimsikia akiwasha pikapu. Nikatoka kwa dirisha tena, nikachanika shati, nikapita ndani ya nyumba hadi kichochoroni. Kwaya nzima ilikuwa inanifuata na majembe, sufuria, chochote. Mzee Ngui alichimba kwa fimbo yake. Mama Aoko alizoa udongo kwa karai lake la unga. Na mimi nilichimba. Sijawahi kuchimba vile. Kila beleshi nililoinua nililijua, ni mimi niliyeliagiza. Nilikuwa nachimba nikisema tripu moja, nilisema tripu moja, na aliyekuwa kando yangu akadhani naomba.

Ilipobaki kama urefu wa goti, Kyule akasema inatosha, ataipitisha hivyo hivyo. Mama akatolewa. Nasike alimshika mabega, mwingine kiuno. Miguu ilikuwa inaburuta matopeni. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Mimi nilisimama na mikono mgongoni, nikitazama ukuta.

Kyule akaniambia, "Baba Triza, shika miguu."

Nikamwambia ni mama mkwe wangu.

"Najua ni nani. Shika miguu."

Nikashika. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hata kivuli chake nilikuwa nakikwepa, na sasa nilikuwa nimekumbatia visigino vyake. Alifungua jicho moja akaniona. Sitalisahau jicho lile.

Tukamlaza kwenye pikapu juu ya magunia ya vinyago. Mlimani magurudumu yakazunguka bure. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikaweka bega na watu kumi na wanne wengine, tope likinipiga usoni, nikisikia ile sauti yake ya mlango ikizidi kuwa ndogo. Mara ya tatu pikapu ikaruka, ikatua upande wa pili, nami nikaanguka kifudifudi. Kyule alinisubiri nipande. Sekunde zile alizosubiri, angeweza kuniacha.

Hospitalini walimwekea mtungi wa hewa. Tukakaa kwenye benchi, Kyule na mimi, tope limetukaukia. Muuguzi alipokuja kusema kwamba anapumua na kwamba ameomba chai, niliinama nikalia. Kyule akaniacha nilie. Halafu akasema:

"Dereva wa lori alirudi Alhamisi. Aliniuliza kama yule mzee wa koti la kahawia angependa tripu nyingine."

Koti la kahawia nilikuwa nimelivaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, nayajua. Nikamuuliza kama pikapu yake ingependa rangi.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Mkutano chini ya hema, na safari hii walikuja watu wa safu tatu.

Sikungoja niitwe. Nilisimama nikasema ni mimi. Nikasema habari za lori, za dereva, za saa niliyochagua. Nikamgeukia Kyule nikamwambia nimemkosea, kazi yake imepotea kwa sababu yangu. Nyuma ya watu Mama Aoko akapindua chapati yake.

Kyule akasema ametosheka. Yeye tu. Kamati haikutosheka. Gereji ya mbele ivunjwe. Ua nipande upya. Udongo uliobaki niusambaze kichochoroni mwenyewe, niujaze kila shimo mpaka ukuta wa shule, na kesho asubuhi niende na Kyule kwa wachongaji nikawaeleze kwa mdomo wangu. Nikakubali yote. Kwa kweli nilijisikia mwepesi.

Mama mkwe amerudi jana, amekaa kwenye kiti huko nyuma kichochoroni, penye hewa. Kwa kuwa nilimshika, wazee wa kwetu watataka mbuzi wa kutakasa. Nasike akamuuliza mama yake anasemaje. Akasema mbuzi sawa, lakini mkwe wake ana mikono yenye nguvu, na kwamba hilo hakuwa analijua.

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi leo. Nadhani ni sifa.

Jumamosi, 29 Aprili

Imekwisha. Siku tisa za beleshi, kila jioni baada ya kazi. Wachongaji wamempa Kyule nusu ya safari zake, nyingine baadaye. Gereji yangu sasa iko nyuma, ubavuni mwa yake, na Munyoki ameipima na mimi nikiwa ndani nimefungua mlango wote.

Na kichochoro! Hakuna shimo hata moja. Mvua ya Alhamisi imepita juu yake bila kuacha dimbwi. Jana watu wanne wamepitia huko wakaongea juu ya njia ilivyo nzuri. Leo jirani wa nyumba ya tatu ameleta gari lake la mkopo kutoka kazini. Wataongezeka. Ndivyo ilivyo, mtu akitengeneza kitu.

Nimekaa nikawaza. Nani aliuleta ule udongo? Nani aliusambaza? Kama si mimi, wangekuwa bado wanakanyaga matope. Sisemi washukuru. Lakini njia nzuri namna hii haiwezi kuachwa wazi kila mtu aingie na kutoka apendavyo.

Nimeongea na Munyoki. Anakuja Jumanne, saa watu wako kazini, tusiwasumbue kwa kelele. Geti kubwa la chuma, mdomoni kabisa mwa kichochoro. Kufuli nzito. Kamati nitaiarifu likishasimama, watafurahi kulikuta. Anayetaka kupita atagonga kwangu, nitamfungulia, sina shida.

Munyoki aliniuliza funguo ngapi. Nimemwambia asijisumbue kuchonga wa pili.